Nakuachia Baiskeli

Mfaume,
kabla basi la Ndanda halijapiga honi
kaa hapa kizingitini nikwambie
ambayo muuzaji hakuniambia.

Baiskeli ya umeme haiogopi mvua.
Inaogopa uzembe.
Manyunyu ya kutoka hapa Mikindani hadi Mtwara mjini
itayakung'uta kama bata.
Lakini lile dimbwi la pale chini,
lililomeza kandambili za wajukuu wa Bi Asumini,
usilipime kwa ushujaa. Shuka. Chovya mguu.
Maji yakifika kitovu cha gurudumu, ndipo ilipo mota:
kokota, au rudi, au subiri.
Sare ya shule haijawahi kumkimbia mwenyewe.

Mimi nilipita.
Mwaka ule wa kwanza, magauni kumi na mawili ya bluu
ndani ya salfeti, na haraka zangu,
nikasema maji haya nayajua toka utoto.
Yakanijibu tulipofika katikati.
Taa ikakonyeza mara moja, kama mtu anayekuaga kwa siri,
kisha kimya,
na kilo ishirini na tano za chuma
nikazisukuma mlimani, mvua ikinicheka mgongoni.

Betri ichomoe kila jioni.
Usiining'inize mkononi kama dumu la mafuta ya taa.
Mie huifunika kanga na kuikumbatia,
hata siku moja Bi Asumini akavuka njia na mwavuli wake:
"Hongera! Na hukutuambia! Umepata nini, wa kike?"
Akafunua pembe ya kanga.
Taa nne za kijani zikamkodolea.
Tulicheka mpaka tukalowa upya.

Inalala chumbani,
juu ya kigoda cha baba yako mdogo.
Tangu avuke Ruvuma kigoda hakijapata mkaaji mwingine.
Chini usiiweke, sakafu yetu hutoka jasho masika yote.
Wala usiichaji ikiwa imelowa. Ifute, iache,
menya muhogo wako, kagombane na wenzio juu ya mpira,
ndipo urudi uguse vile vijino vya shaba kwa kidole.
Vikiwa vikavu kama koo la aliyefunga, saa kumi jioni,
chomeka.
Ukikuta ukungu wa kijani, hiyo ni chumvi ya bahari:
mswaki mkuukuu, halafu grisi,
kidogo, Mfaume, kama wanja.

Koti lake nimelishona mwenyewe
kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika mbavu.
Chini nimeacha tundu, kusudi. Usilizibe.
Kitu kikibanwa kila upande
huoza kwa unyevu wake chenyewe.
(Baba yako mdogo akipiga simu
usimwambie nimesema hivyo.)

Na wale vijana wenye mashine ya kuoshea pikipiki
wasalimie, pita.
Maji yao yana hasira, hupenya hata pasipo na mlango.
Tambara na ndoo vinatosha.
Breki uzishike mapema;
majani ya mkorosho yakilowa juu ya lami
huteleza kuliko bamia.

Lipi tena?
Sketi ya binti wa Mzee Nampota haina vifungo.
Nilitunga uzi asubuhi nzima.
Tundu la sindano lilikuwa hapa, likawa pale,
likawa mawili, mawili yakawa moshi.
Unadhani kwa nini nimekwambia uguse
badala ya kukwambia utazame?
Miezi hii yote kidole ndicho kilichonieleza
lipi ni tone la maji,
lipi ni mng'ao wa shaba.

Haya, honi hiyo.
Ufunguo ni huu, wenye uzi mwekundu,
au uliokuwa mwekundu.
Usiutie mfuko huo wa kulia, umetoboka,
nimeusikia shilingi zako zikidondoka.
Tundu hilo ndilo nitakaloliziba
nikirudi,
nikiliona.